Fedha za Ufa na Fedha za Ukuta

Mjadala kuhusu nani agharamie uhifadhi wa majengo na maeneo ya kihistoria ya Kitale na Bungoma umeelekea mno kwenye kuwasaka wafadhili, ilhali swali zito zaidi, ambalo ndilo lililozaa toleo hili, ni aina ya fedha zinazotafutwa. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inataja bajeti mbili: fedha za ukuta, yaani ruzuku kubwa ya mara moja, na fedha za ufa, yaani kifungu kidogo cha kila mwaka kinachomwezesha fundi kupanda paani kabla ya mvua za Aprili, akazoa majani yaliyoziba mfereji na kugongomea bati lililolegea.

Makavazi ya Kitale yanalidhihirisha hilo. Hugh Stoneham, aliyeanzisha makavazi yake binafsi mwaka 1926, aliiusia serikali ya Kenya mkusanyo wake wa wadudu, ndege na vitabu pamoja na fedha za jengo jipya, lililofunguliwa mwaka 1974. Fedha hizo, sawa na ruzuku ya Wakfu wa Gulbenkian iliyosaidia kuigeuza Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuwa makavazi baada ya gereza kuondolewa humo mwaka 1958, zilikuwa za ukuta. Ukarimu huo unastahili heshima, lakini kipepeo aliyekaushwa huhitaji droo isiyo na unyevu miaka yote, si mwaka wa ufunguzi pekee.

Hali ni ngumu zaidi Chetambe, karibu na Webuye katika kaunti ya Bungoma, ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, kwa kuwa ngome ya udongo na handaki haina mnara wa kumvutia mfadhili, na udongo haumngoji.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti makavazi na kuiachia serikali ya kitaifa kumbukumbu za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa. Kwa hiyo toleo hili linashikilia kwamba mabunge ya kaunti za Trans Nzoia, uliko mji wa Kitale, na Bungoma yatenge kila mwaka kifungu cha matengenezo kisichoweza kuhamishiwa matumizi mengine.

Kati ya makala za toleo hili, ile ya ada za viingilio inapima kwa makini mipaka ya tiketi, na ile ya ruzuku za kimataifa itawafaa waandishi wa maombi. Zote mbili zisomwe baada ya hoja hii, ili mfadhili atakapokuja aukute ukuta umesimama.