Kombati Imekukaa, Lakini GPA Inasomaje?

Picha zilishasambaa kitambo. Dogo kasimama ndani ya kombati, kifua mbele, chini kaandika "Luteni mtarajiwa". Mashangazi wakamwaga makopakopa. Mama mtu, Mbongo anayeishi Marekani miaka mingi, akaagiza doti za kitenge kutoka Kariakoo ili ndugu wote washone sare, maana siku ya kamisheni mzazi anaruhusiwa kumvisha mwanawe cheo kwa mkono wake. Mzazi gani hataki picha hiyo ukutani?

Ikabaki mihula miwili ikawa mmoja. Dogo ndiyo akafunguka: "Mama, GPA yangu ni 1.7."

Ukoo ukawaka moto. Mjomba akauliza hesabu na bunduki vinahusiana nini. Shangazi akadai mtoto anaonewa, mbona anakimbia vizuri, mbona kambi ya kiangazi kule Fort Knox, Kentucky, kaimaliza? Wengine wakataka mkubwa mmoja huko jeshini aombwe "amsaidie".

Kiukweli, hapo ukoo umepotea njia.

Dogo yuko kwenye mpango unaoitwa ROTC. Unasoma shahada yako chuo cha kawaida, huku ukifundishwa uofisa. Ukihitimu unaapishwa kuwa luteni usu. Kwa jeshi la nchi kavu la Marekani, kadeti anatakiwa awe na GPA isiyopungua 2.0 kwenye kipimo cha 4.0, na shahada iwe imekamilika. Hiyo 2.0 ni wastani wa C. Hakuna aliyemwambia awe kipanga wa darasa. Ameambiwa asizame tu.

Kuna wanaojitetea na hadithi ya Custer. Ni kweli, mwaka 1861 alimaliza West Point akiwa wa 34 kati ya 34, na bado akaja kuwa jenerali. Pale West Point anayeshika mkia huitwa mbuzi, na kwa mila yao wenzake humchangia dola moja moja siku ya mahafali. Vigelegele juu. Lakini watu wanasahau kitu kimoja: mbuzi naye kafaulu! Wa mwisho kwenye orodha ni tofauti kabisa na ambaye hayumo kwenye orodha. Na Custer huyohuyo mwaka 1876 aliwaingiza watu wake Little Bighorn, akafa pamoja nao. Si mfano wa kumtambia mama.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye kilio. Chukulia shahada ni mihula minane yenye uzito sawa. Mwenye 1.9 baada ya mihula saba anahitaji 2.7 kwenye muhula wa mwisho. Inawezekana, akijifungia ndani. Mwenye 1.8 anahitaji 3.4. Hapo jasho litamtoka. Mwenye 1.7 kama dogo anahitaji 4.1, na kipimo kinaishia 4.0. Yaani hata apate A kwenye kila somo, haitoshi. Hakuna mkubwa wa kumsaidia hapo. Namba haipokei simu.

Lakini 1.7 hiyohiyo angeisema baada ya muhula wa tano, mihula mitatu iliyobaki ilihitaji wastani wa 2.5 tu. Nani anashindwa 2.5 akipata mwalimu wa ziada na kupunguza starehe? Kosa la dogo halikuwa kufeli. Kosa lake lilikuwa kunyamaza.

Na huwezi kusema hakuna aliyemuuliza. Kadeti wa ROTC hujaza fomu ya mpango wa masomo yake na kuipitia na wasimamizi kila muhula. Chuo cha kule hakimtumii mzazi ripoti nyumbani kama tulivyozoea Bongo, matokeo ni mali ya mwanafunzi. Kwa hiyo aliyejua ni dogo, na mama alijua kombati tu.

Hapo ndipo swali la mjomba linapojibiwa. Luteni usu mpya, miaka 22 tu, anaweza kukabidhiwa platuni ya askari 30 na zaidi, watoto wa mama zao. Redio ikifa, maji yakiisha, njia ikipotea, kazi yake ya kwanza ni kutoa taarifa mapema, hata kama inamwaibisha. Anayeficha 1.7 kwa miaka mitatu huku akipiga picha za kombati, ataficha nini porini?

Tena bei yake si aibu peke yake. Kadeti aliyesaini mkataba na kusomeshwa kwa fedha za jeshi, akiondolewa kwa kosa lake, anaweza kudaiwa fedha hizo au kuitwa kutumikia kama askari wa kawaida. Deni la miaka minne ya chuo cha Marekani si la kulipwa kwa mchezo wa kikoba.

Kwa hiyo 2.0 ibaki pale pale. Kinachotakiwa kubadilika ni maswali ya nyumbani. Ukimsifia mtoto kwa kombati, hapohapo muulize muhula umeendaje, na akisema vibaya usimrukie, maana ukimrukia leo kesho atakuficha.

Dogo naye hajafa. Wapo wanaopewa muda wa ziada, ingawa huo ni uamuzi wa jeshi, si haki yake. Akipewa muhula mmoja wa nyongeza, ile mihula miwili itadai wastani wa 3.05. Ni mlima, ila una kilele.

Kitenge hakiozi. Kikunjwe, kiwekwe kabatini.

Haya wadau, wewe ungekuwa mama mtu ungefanyaje? Tiririka hapo chini.