Taa Kumi na Somo la Logi

Wapo watu, na baadhi yao ni walimu, wanaodhani kwamba taa ndogo zinazopanda na kushuka usoni pa redio ya kaseti ziliwekwa kwa ajili ya urembo. Nakataa. Nakataa pia kauli niliyoambiwa na mkaguzi mmoja mwaka 1991, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu: "Hayo ni mambo ya mafundi, Mkuu. Mwalimu wa hesabu anatosheka na kitabu cha majedwali."

Kilichozua maneno hayo ni kibao kimoja. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ameunganisha chipu mbili za National Semiconductor ya Marekani, LM3914 na LM3915, kila moja na taa zake kumi za ledi, zote zikipokea sauti ileile kutoka kwenye amplifaya. Tulitumia betri ya gari, maana umeme wa chuo ulikuwa wa kubahatisha. Ndani ya kila chipu mna vilinganishi kumi na mfululizo wa rezista zinazogawa volti. Sauti ikivuka kiwango cha kilinganishi, taa yake huwaka. Tofauti iko kwenye ngazi. Ukiweka kikomo cha volti 10, chipu ya kwanza huwasha taa kwenye 1, 2, 3 hadi 10. Ya pili huwasha kwenye 10, halafu 7.07, 5, 3.54, hivyo hivyo hadi 0.45. Kila ngazi ni takriban mara 1.41 ya ile ya chini yake, yaani desibeli 3.

Mwanachuo mmoja akanong'ona kwenye maikrofoni. Upande wa kwanza, giza. Upande wa pili, taa mbili. Akapaza sauti, pande zote zikajaa. Akarudia kunong'ona, safari hii akicheka, na darasa likaanza kuuliza maswali ambayo sikuyasikia hata mara moja tulipokuwa tukifundisha kwa majedwali. Vijana wale walijua kutafuta logi, kujumlisha na kurudi kwenye antilogi, lakini hakuna aliyejua logi ni ya nini. Sasa waliiona: sikio hupima kwa uwiano, na chipu ile iliundwa kulifuata sikio.

Mkaguzi alikuwa na hoja, nami sitaificha. Alisema vijana hawa watapangiwa shule zisizo na umeme, wala chipu hawataiona tena. Ni kweli. Lakini je, tulikuwa tukiwapa chipu au tulikuwa tukiwapa maana? Aliyeelewa maana ataifundisha kwa ngoma na hatua za miguu uwanjani. Aliyekariri jedwali, kitabu kikiliwa na mchwa, somo limekwisha.

Hayo yote nilipaswa kuyasema siku ile. Sikuyasema. Nilitikisa kichwa, kibao kikaingia kabatini, na darasa la mwaka uliofuata halikukiona.

Leo naambiwa kwamba simu huchora taa hizo kwenye kioo, basi hakuna haja. Huchora, ndiyo, lakini ngazi zake zimefichwa ndani ya programu, na kijana anayeitazama hajui kwamba kuna mtu aliyezipanga. Nilipostaafu nilikiomba kile kibao nikapewa. Taa ya tatu upande wa pili imekufa. Zilizobaki zinawaka, na mwalimu yeyote anayekitaka kwa ajili ya darasa lake aje akichukue.