Muuguzi Asemaye "Inuka" Si Adui wa Mzee

Wahenga walisema: Mgonjwa haulizwi uji. Ni msemo wa huruma, na sisi watu wa Mombasa tumeushika barabara. Mzee akilazwa hospitali, jamaa humiminika saa ya kutazama wagonjwa, na chupa za uji na mikate ya mofa. Huyu amlisha, huyu amkanda miguu, huyu amfunika shuka. Mzee mwenyewe hainui hata kidole. Nasi twarudi majumbani tukiamini tumepata radhi zake.

Lakini mtazame muuguzi wa wodi. Yeye ndiye asemaye, "Mwachieni baba ashike kijiko mwenyewe." Kabla jamaa hawajafika, amekwisha kumketisha kitini mzee aliyevunjika nyonga, na bibi aliyepatwa na kiharusi amemfunza kuvaa nguo kwa kuanza na mkono uliopooza. Wengi wetu tukiyaona hayo hunung'unika: "Nesi huyu hana imani!"

Mimi nasema huyo ndiye mwenye imani. Kitanda nacho kina madhara yake. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Ikiwa mzima hupungua hivyo, mgonjwa je? Tena kulala upande mmoja huleta vidonda, na kifua hujaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo huja kwa muda akaenda zake, bali wauguzi wapo usiku na mchana. Alilofunza mtaalamu, wao ndio walirudiao mzee anapokula, anapooga na anapokwenda msalani.

Kazi hii si ngeni katika Uislamu. Bibi Rufaida al-Aslamiyya aliuguza majeruhi Madina, na Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaki, mwaka 627, aliuguzwa katika hema la bibi huyo.

Sasa fikiria mgonjwa wetu arudipo Mji wa Kale. Arudi Kibokoni au Mkanyageni, kichochoro ambacho gari halipiti, nyumba ya ghorofa yenye ngazi zilizosimama na choo cha kuchutama. Asipofunzwa hospitali kupanda kidato kimoja kimoja, mguu mzima ukitangulia, atapandishwa kwa kubebwa na atateremshwa kwa jeneza. Baraza ataikosa, na msikiti ataukosa. Muuguzi amfunzaye kutia udhu kwa kukaa na kuswali kitini, jambo ambalo sheria ya dini imemruhusu asiyeweza kusimama, amemrudishia mzee heshima yake.

Basi yatupasa mambo mawili. Kwanza, sisi jamaa, kabla mzee hajatolewa hospitali, mmoja wetu aende akafunzwe na muuguzi namna ya kumnyanyua, kumgeuza na kumtembeza. Na bibi zetu, katika mambo ya stara, wahudumiwe na wauguzi wanawake; aonaye haya hukataa hata msaada umfaao.

Pili, serikali ya kaunti, ambayo tangu 2013 ndiyo yenye dhamana ya hospitali zetu za umma, iajiri wauguzi wa kutosha. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na serikali. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake atawahi kutoa dawa na kupiga sindano tu. Kumtembeza mzee hatua kumi hatapata wasaa. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu toka Juni hadi Novemba, ulitufunza kuwa wodi bila wauguzi ni chumba cha vitanda tu.

Uji na tuupeleke, ni mila njema. Bali kijiko tumwachie mzee.