Gari la pili ndilo la kwanza mpakani

Gari la spoti likishaingia uani kwa mfanyabiashara wa mpakani, haupiti muda mrefu kabla swali jingine halijazuka: na la kwendea kazini liwe lipi? Porsche, Nissan GT-R au Mercedes ya milango miwili ni gari tamu la Jumapili. Jumatatu kuna mzigo wa kufuata Busia, mteja wa kuonana naye Mutukula na wakala wa forodha anayesubiri ankara Malaba. Hapo ndipo wengi huanza kuhesabu chenji. Fedha kubwa imekwisha kwenda kwenye gari la raha, kwa hiyo linalofuata hununuliwa kwa kilichobaki, mara nyingi kwa jamaa anayeuza haraka, na kadi ya gari haijulikani iko kwa nani.

Mpangilio huo umepinda. Gari la pili ndilo linalovuka mpaka, ndilo linalobeba mtaji, na likizuiliwa forodhani linazuiliwa pamoja na mzigo. Lilipaswa kuchaguliwa kwanza, kwa fedha ya biashara, na la spoti lije baadaye kwa faida. Hakuna ubaya wa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka 15 kujinunulia gari la ndoto yake. Wivu wa majirani si hoja ya kiuchumi. Ubaya ni kudhani kwamba gari la kila siku ni kitu cha kuokoteza.

Vipimo vyenyewe vinajieleza. Porsche 911 Carrera ya kizazi kilichoanza 2019 ina buti ya mbele ya lita 132, nafasi ya sanduku moja la safari na begi la mkononi. Tumbo lake liko chini ya sentimita 15 kutoka ardhini, na barabara za kuingia masoko ya mpakani zina matuta yaliyojengwa kwa ajili ya malori. Injini yake ina cc 2981, na huko Kenya kipimo hicho kinaliokoa kwa kijisehemu: gari la petroli linalozidi cc 3000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, ilhali la kati ya 1500 na 3000 hutozwa asilimia 25. GT-R yenye injini ya lita 3.8 haina bahati hiyo.

Kando yake iwekwe Toyota Probox, gari lililoanza kutengenezwa 2002 kwa ajili ya mafundi na wachuuzi wa Japani. Injini ya lita 1.5 iko chini kidogo ya cc 1500, hivyo Kenya inalitoza asilimia 20. Limeundwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili mbele. Kwa uzito hayo ni marobota manane ya mitumba ya kilo 45, na bado zinabaki kilo 40 za mboga za nyumbani. Kutoka Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga, safari ya kilometa 270 hivi, injini nzima inahitaji takribani lita 20 za petroli. Si gari la kupigia picha ya harusi. Wakenya wamelizoea likikimbiza miraa kutoka Meru, na mikoani Tanzania limo katika kundi la magari yanayoitwa michomoko, yanayopakia abiria wengi kuliko viti vyake. Anayenunua lililokwisha kufanya kazi hiyo aanze na springi na shokapu za nyuma kabla ya kusikiliza redio inavyolia.

Probox si jibu la kila mtu. Anayesafiri na wateja kuliko mizigo atafaidika zaidi na Premio, na mwenye familia kubwa na bidhaa nyepesi ana Noah, gari ambalo abiria wa Arusha na Namanga wanalijua vizuri. Anayefuata mazao shambani msimu wa masika hana budi kupanda hadi Hilux. Kinachoyaunganisha ni spea. Kifaa cha Toyota hizi kinapatikana Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala, na fundi wa mji mdogo wa mpakani anaweza kukifunga bila kupiga simu kuomba maelekezo.

Ndiyo maana chaguo baya kuliko yote ni lile linaloonekana la kati na kati: gari kubwa la kifahari la Ulaya, limezeeka, bei imeshuka, linang'aa. Mnunuzi hujiona amepata heshima na nafasi ya mzigo kwa bei moja. Miezi michache baadaye anakuwa na magari mawili yanayomsubiri fundi yuleyule mwenye kompyuta ya kupima injini, na yeye mwenyewe yuko kituoni akigombea kiti cha basi. Gari la pili linapaswa kuharibika kwa namna tofauti na la kwanza.

Kisha kuna upande wa usukani, jambo ambalo wauzaji wa magari hawalitaji kwa kuwa wao hawavuki. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Pale Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera, dereva anabadilisha upande wa barabara lakini usukani wake unabaki ulipo. Mwenye usukani wa kulia akiwa nyuma ya lori katika milima ya Rwanda haoni kinachokuja mpaka ajitokeze nusu ya gari, na ndiyo maana madereva wazoefu wa njia hiyo hupenda kuwa na mtu kiti cha kushoto wa kuwaambia "pita" au "rudi". Anayekwenda Kigali mara moja kwa mwezi anaweza kuvumilia. Anayekwenda kila wiki anahitaji kulifikiria gari lake upya.

Tatizo ni kwamba sheria hazimwachii nafasi kubwa ya kufikiri. Kenya haisajili gari dogo la usukani wa kushoto. Rwanda nayo ilizuia uagizaji wa magari madogo ya usukani wa kulia, ingawa Burundi, inayoendesha upande uleule, imejaa Toyota za Japani zenye usukani wa kulia. Kwenye umri mambo yanazidi kutofautiana. Kenya haipokei gari lililotumika lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 maana yake ilikuwa magari yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania inayapokea yaliyozeeka, ila inayatoza: gari la abiria la miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi kumi asilimia 30.

Kwa mfanyabiashara, tofauti hizo ndizo zinazoamua atakayemuuzia gari siku akilichoka. Probox la miaka 12 lenye namba za Tanzania ni mali Mwanza. Ng'ambo ya Sirari, upande wa Isebania, mnunuzi Mkenya hawezi kulisajili hata akilipenda vipi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005 na eneo moja la forodha likaanza kufanya kazi 2014, lakini gari lililotumika bado linahesabiwa kama mgeni kila linapotaka kuhamia kwa jirani. Wakuu wanaokutana Arusha wamezungumza sana kuhusu malori na mizigo. Gari dogo la mfanyabiashara mdogo, ambalo ndilo hasa linalovuka kila siku, limesahaulika, na ni haki wafanyabiashara walalamike kwa sauti kuliko wanavyofanya sasa.

Bima ndipo fedha nyingi zinapopotea kimyakimya. Wengi wanaijua Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Wachache wanajua inacholipa. Kadi hiyo inashughulikia madai ya mtu wa tatu, yule uliyemgonga au uliyemharibia mali, pamoja na gharama za matibabu ya dharura kwa waliomo garini. Hailipi gari lenyewe. Mtu mwenye bima kubwa nchini kwake anaweza kuvuka Holili akiamini amekingwa kila kitu, kumbe mkataba wake unaishia kwenye mipaka ya nchi yake isipokuwa aliomba uongezwe, na uongezewe kwa maandishi. Akigonga nguzo Voi kwa gari la spoti, hasara ni yake peke yake. Akigonga kwa Probox, hasara ni yake vilevile, ila hiyo anaweza kuimaliza kwa faida ya msimu mmoja.

Lipo pia suala la aina ya matumizi. Bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kukataa kulipa gari likipata ajali limebeba mzigo wa watu kwa malipo. Mfanyabiashara anayewasaidia wenzake kubeba marobota mawili matatu, kisha wakachangia mafuta, hajioni kuwa msafirishaji. Mkaguzi wa bima anaweza kumwona hivyo. Swali hilo linaulizwa kabla ya kulipia bima, kwa wakala, na jibu linachukuliwa kwenye karatasi.

Karatasi ya mwisho ni kadi ya gari, ambayo Wakenya huiita logibuku. Forodha hutoa kibali cha muda kwa gari la nje, chenye siku zake, na kwa siku hizo gari haliuzwi wala halikodishwi upande wa pili. Ili kibali kitoke, afisa anataka kujua gari ni la nani. Kama jina lililoandikwa ni la mke, kaka au kampuni, inahitajika barua ya idhini. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki inashikilia kadi halisi na barua inatakiwa kutoka kwao, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa. Hapa ndipo mkopo wa gari la spoti unapolitia kiwingu gari la kazi: wengine huweka kadi ya gari la pili kama dhamana ya la kwanza. Gari la kazi linabaki uani, kadi yake iko benki, na nyanya zinaiva Taveta.

Wapo wanaopinga hoja hii kwa methali kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwamba mfanyabiashara halisi hutumia chochote kilichopo, na kuchagua sana ni tabia ya watu wa ofisini. Yawezekana kwa anayelima shamba moja. Anayelima mashamba matatu yenye udongo tofauti, sheria tofauti na walinzi tofauti getini hana budi kuchagua jembe. Wengine husema heshima ya gari kubwa hufungua milango, mteja mpya humwamini aliyeshuka kwenye gari la maana. Hilo lina ukweli wake mara ya kwanza. Mara ya tano mteja anatazama kama mzigo umefika siku iliyosemwa.

Na mipaka yenyewe haitabiriki. Gatuna ilifungwa kuanzia Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Katika hali kama hiyo, anayetaka kufika Bujumbura kutoka Kigali kwa barabara hulazimika kuzunguka Tanzania, aingie Rusumo, ashuke hadi Kabanga na kutokea Kobero. Safari iliyokuwa ya asubuhi moja inakuwa ya siku nzima, na usukani unahama upande wa barabara mara mbili. Gari lililochaguliwa kwa kutazama njia ya kawaida tu linaumbuka hapo.

Mtu wa mwisho kuulizwa, na kwa kawaida ndiye asiyeulizwa kabisa, ni yule atakayelishika usukani. Katika biashara nyingi za mpakani mwenye mali anaendesha la spoti, na la pili linaendeshwa na mpwa, shemeji au dereva wa mshahara. Huyo ndiye anayejua kivuko kipi kina foleni Alhamisi, tuta lipi limevunja ekzosi za wangapi, na mzigo halisi unaopakiwa baada ya tajiri kuondoka. Apelekwe naye siku ya kukagua gari, alilazwe chini atazame tumbo lake, aliwashe likiwa baridi. Siku ya kusajili, kama biashara inaruhusu, barua ya idhini ya kuvuka iandikwe kwa jina lake papo hapo, igongwe muhuri na nakala zake ziwekwe garini pamoja na Kadi ya Njano.