Chupa ya Soda Inarudi Dukani. Ya Dawa ya Nyanya Je?

Plastiki inayonisumbua siku hizi sio ile ya ufuoni. Ni ile iko kwa shamba. Najua hii mada haina laiki, lakini ngoja.

Video za kusafisha ufuo mnazijua. Vijana thelathini, tisheti za rangi moja, magunia, muziki kwa nyuma. Ni poa, sina shida nazo. Lakini mwaka wa 2021, FAO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilitoa ripoti ikisema kilimo duniani kinatumia karibu tani milioni 12.5 za plastiki kwa mwaka, na kwamba udongo wa mashamba unadhaniwa kubeba chembe za plastiki nyingi kuliko bahari. Kuliko bahari, manze. Na hakuna mtu ameenda Mwea na tisheti.

Nilikuwa kwa shosho huko Kirinyaga msimu wa nyanya. Mwisho wa shamba, kando ya mtaro wa maji, kuna rundo. Chupa za dawa ya ukungu na za wadudu, zingine bado ziko na matone ndani. Paipu za dripu zimejikunja kama matumbo ya mbuzi. Karatasi ya grinihausi iliyopigwa na jua mpaka ukiishika inavunjikia mkononi. Nikamuuliza, "Shosho, hizi huwa zinaenda wapi?" Akaniangalia vile huwa wanaangalia watu wa Nairobi. "Zitaenda wapi na hazina miguu? Zikijaa tunachoma."

Sasa kabla uanze kusema wakulima hawajaelimika, fikiria gunia la mbolea. Umewahi kuliona likiwa limetupwa tu? Linabeba majani ya ng'ombe, linazibia kuku upepo, linakuwa mlango wa bafu. Shosho anajua kila gunia lake liko wapi na nani ameazima. Mtu ni yule yule, plastiki ni plastiki. Tofauti ni kwamba gunia liko na thamani, chupa ya dawa haina. Na ikipewa kazi ndio mbaya zaidi, kwa sababu ni chupa nzuri yenye kifuniko, na kuna nyumba zinaitilia mafuta taa, ama hata maziwa.

Maoni yangu ni haya: aliyeuza dawa aichukue chupa. Agrovet. Kwake ndiko ilitoka.

Na hii hatuhitaji kufundishwa na mtu. Sote tumetumwa dukani soda ya glasi tukiwa wadogo. Ukifika bila chupa, mwenye duka anakuuliza "chupa iko wapi?" Huna, unaacha pesa ya chupa. Ndiyo maana huoni chupa za soda za glasi zimejaa mitaroni, na hakuna semina iliyofanywa. Lori lililoleta kreti zilizojaa linaondoka na kreti za chupa tupu.

Brazil wamefanya hivyo na sumu ya shamba. Tangu sheria yao ya mwaka wa 2000, mkulima analazimika kurudisha chupa ndani ya mwaka mmoja, na risiti inamwonyesha atairudisha wapi. Kampuni za dawa zikaunda taasisi inaitwa inpEV kuzikusanya, na kwa hesabu zao zaidi ya 90 katika kila chupa 100 za plastiki zinarudi. Zingine zinasagwa na kuwa chupa mpya za dawa, zingine paipu za nyaya za stima.

Hapo kwa "chupa mpya za dawa" pana maana. Kuna mtu ataniambia, "Si auzie tu watu wa skrepu?" Hapana. Hiyo chupa ikichanganywa na mitungi ya kawaida, kesho ni beseni unaoshea mtoto. Plastiki ya dawa inafaa kuwa na njia yake, na kabla iingie njia hiyo ioshwe mara tatu: maji robo, kifuniko, tikisa nusu dakika, hayo maji yamwagwe kwa pampu ya kunyunyizia (sio mtaroni), halafu itobolewe isitumike tena.

Pesa ndio ngumu. Ukiweka shilingi kwa kila chupa tupu, watoto wataingia mashambani kuokota chupa chafu kwa mikono mitupu. Kwa hivyo mimi singetoa pesa taslimu. Ningempunguzia mkulima bei ya dawa anayonunua tena, akileta chupa iliyooshwa. Mwenye agrovet naye atalia kwamba hana nafasi, na ni ukweli, duka lake ni futi kumi kwa kumi. Lakini kampuni inayomletea mzigo iko na gari, na hilo gari linarudi Nairobi tupu.

Sheria tayari tunayo. Ile ya usimamizi wa taka ya 2022, na kanuni za 2024, zinasema anayeingiza bidhaa sokoni awajibike mpaka inapoishia. Tulifunga majuala mwaka wa 2017 na faini ya hadi milioni 4, na mama mboga akabadilika haraka sana. Ni kampuni kubwa ndizo huwa zinapewa muda wa kujipanga.

Karatasi ya kufunika matuta ni kesi nyingine. Ikitoka shambani inaweza kuwa na udongo mzito kuliko plastiki yenyewe, na kuiosha ni gharama. Ikiwa nyembamba, inararuka na kubaki ardhini. Uchina waliona hayo kwa miaka mingi, wakayapa jina la uchafu mweupe, na mwaka wa 2018 wakapandisha unene wa chini kabisa hadi milimita 0.01. Bado ni nyembamba kuliko unywele, lakini angalau wakapata pa kushikia. Sisi tunauziwa kwa mita na hakuna anayeuliza unene.

Kama mzazi wako ama shosho analima, wikendi hii pita kwa agrovet anayonunulia. Uliza chupa ikiisha inarudishwa wapi. Niandikieni alichojibu, na ni kaunti gani.