Shada la Majilio: Jumapili nne za kukaa meza moja

Shule zimefungwa na watoto wako nyumbani. Mwanafunzi wa sekondari amejifungia chumbani na simu yake. Mdogo wake ameikodolea macho televisheni tangu asubuhi. Baba anarudi kazini usiku, na mama hana hata nafasi ya kuuliza nani amekula na nani hajala. Nyumba ina watu watano, lakini ni nadra wote watano kukaa pamoja kwa nusu saa. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, ambayo ingefaa kuwa wakati wa kujuana upya, aghalabu huisha kila mmoja akiwa kwenye kona yake.

Leo safu hii inakuletea kazi ya mikono inayoweza kuwakusanya, na isiyodai pesa nyingi: kutengeneza shada la Majilio. Majilio, kwa wasiofahamu, ni kipindi chenye Jumapili nne ambapo Wakristo hujitayarisha kwa Krismasi. Jumapili ya kwanza huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Shada lenyewe ni duara la matawi mabichi linalowekwa mezani, likiwa na mishumaa minne. Kila Jumapili mshumaa mmoja zaidi huwashwa, hadi yote minne iwake.

Najua yupo atakayeguna, "Haya si mambo ya Wazungu? Mwacha mila ni mtumwa!" Hilo ni swali la haki, na yafaa tulijibu kabla hatujashika waya na makasi.

LILIKOTOKA

Ni kweli kwamba shada hili lilizaliwa katika nchi ya baridi. Mwaka wa 1833, kijana wa miaka 25 aitwaye Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia wa Kilutheri, alifungua makao ya watoto maskini karibu na jiji la Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Makao hayo yaliitwa Rauhes Haus. Inasimuliwa kwamba kila Desemba watoto walimchosha kwa swali moja: Krismasi imebakisha siku ngapi?

Mwaka wa 1839 Wichern alichukua gurudumu la mkokoteni akapanga juu yake mishumaa midogo 20 myekundu na mikubwa minne myeupe. Kila siku ya kazi waliwasha mdogo mmoja, na kila Jumapili wakawasha mkubwa mmoja. Watoto wakawa wanazihesabu siku kwa macho yao wenyewe. Matawi mabichi yaliongezwa baadaye, na mishumaa ikapunguzwa ikabaki minne ya Jumapili. Kutoka kwa Walutheri desturi hiyo ilienea kwa Wakatoliki na Waanglikana, na ndiyo sababu siku hizi utaliona shada hilo katika baadhi ya makanisa yetu pia.

Fikiria mazingira yake. Mwezi wa Desemba, jua la Hamburg huchwa yapata saa kumi jioni. Miti mingi imepukutisha majani ikabaki mifupa mitupu. Inayobaki na rangi ya kijani ni michache, kama vile misonobari. Kwa mtu wa huko, tawi la kijani ndani ya nyumba ni ushahidi kwamba uhai haujakatika, na mshumaa ni mwanga anaouhitaji kwelikweli.

KWETU HAKUNA THELUJI

Huku kwetu mambo ni kinyume. Desemba inatukuta mvua za vuli zikielekea mwisho na kila ua likiwa limechanua. Theluji tunayo kileleni mwa Mlima Kenya tu. Hata hivyo, wengi wetu tumezoea kuubandika mti wa Krismasi vipande vya pamba ili ufanane na ule wa kwenye kadi za Ulaya! Hapo ndipo tunapokuwa watumwa wa mila za wenyewe. Tuliiga pamba, tukamsahau yule mtoto aliyetaka kuhesabu siku.

Isitoshe, kusuka maua na majani si jambo geni kwetu. Akina mama wa Mombasa na Lamu wametunga vikuba na makoja ya asumini tangu jadi, na harufu yake hujaza nyumba nzima. Basi ujuzi wa vidole tunao. Kinachobaki ni kutumia majani yetu wenyewe.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo lazima uijue. Katika baridi ya Ulaya, shada lililoangikwa nje ya mlango hukaa wiki kadhaa likiwa bichi. Katika joto letu tawi lililokatwa huanza kukauka baada ya siku chache tu. Wengi huiona hiyo kuwa hasara, wakakimbilia la plastiki. Mimi naiona kuwa faida. Shada linalokauka linawalazimu watu wa nyumba kukaa chini tena Jumapili inayofuata na kulifunga upya. La plastiki hutolewa kwenye sanduku mara moja, likarudishwa mara moja, na hakuna aliyezungumza na mwenzake.

MAHITAJI

Tafuta hanga mbili za waya, zile za kuangikia nguo, au waya mwembamba wa kufungia nondo unaouzwa madukani mwa vifaa vya ujenzi. Tafuta pia uzi wa katani, makasi, koleo, vipande vya kitenge ambavyo fundi wa cherehani anavitupa, mikebe minne midogo iliyokwisha kutumika, mchanga na mishumaa minne ya kawaida, ile tunayoiweka kwa ajili ya siku stima inapopotea.

Kuhusu majani, wakazi wa Nairobi, Nakuru, Eldoret na miji mingine ya nyanda za juu watapata matawi ya mberoshi, mti ambao wengi tunauita saipresi. Ua wa saipresi hupunguzwa mara kwa mara, kwa hivyo zungumza na mtunza bustani wa shule, kanisa au mtaa wenu akuwekee vipande vinavyotupwa. Wakazi wa Pwani watumie mvinje. Wale wenye migomba karibu, hasa upande wa Kisii na magharibi, watumie majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa, ambayo yana uzuri wake na hayanyauki.

Kwa mapambo, watume watoto wakaokote maganda makavu ya mjakaranda yaliyoanguka kando ya barabara, vitufe vya mkaratusi na matunda makavu ya msonobari.

Nakusihi jambo moja: usikate kilele cha mti, na usiingie msituni na panga. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka wa 1999 wakiutetea Msitu wa Karura. Litakuwa jambo la aibu tukiuharibu msitu kwa ajili ya pambo la mezani. Vilevile, jihadhari na mimea yenye sumu. Oleanda ina maua ya kupendeza lakini ni hatari mtoto akiitia kinywani, nao utomvu mweupe wa mnyaa unaweza kudhuru macho vibaya.

JINSI YA KULIFUNGA

Kwanza, loweka matawi katika ndoo ya maji usiku kucha. Yatakaa mabichi kwa muda mrefu zaidi.

Pili, nyoosha hanga kwa koleo, uzifungane pamoja na kuzipinda ziwe duara lenye upana wa sentimita 30 hivi. Kazi hii apewe baba au kijana mkubwa, kwa kuwa ncha za waya huchoma.

Tatu, kata matawi yawe na urefu wa shubiri moja hivi, kisha uyafunge kwa uzi matatumatatu au mannemanne. Hii ni kazi ya watoto wadogo. Na wewe mwanafunzi, hapa pana hisabati: duara la upana wa sentimita 30 lina mzingo wa karibu sentimita 94. Ukiweka kifungu kimoja kila baada ya sentimita 5, utahitaji vifungu vingapi? Mwachie mdogo wako apige hesabu kabla hujamwambia kwamba ni kama 19.

Nne, weka kifungu cha kwanza juu ya waya na ukizungushie uzi wa katani mara tatu, ukikaza. Usikate uzi. Weka cha pili kwa namna ambayo majani yake yatafunika shina la cha kwanza, ukaze tena. Endelea hivyo, vyote vikielekea upande mmoja, kama makuti yanavyopandana juu ya paa. Shina la kifungu cha mwisho lifiche chini ya majani ya kile cha kwanza, kisha funga fundo.

Mwisho, pachika maganda na vitufe, na ufunge utepe wa kitenge. Shada la kwanza halitakuwa la mviringo kamili. Liache lilivyo. Mtoto anayeona kazi yake ikirekebishwa na mama mara tu anapoondoka mezani hatarudi Jumapili ijayo.

MISHUMAA NA TAHADHARI

Saipresi iliyokauka hushika moto upesi sana, na majani ya mgomba yanaizidi. Kwa sababu hiyo usipachike mshumaa kwenye matawi. Jaza mchanga katika ile mikebe minne, simamisha mshumaa katikati ya kila mmoja, kisha uipange mikebe ndani ya duara, mbali na majani. Mwenye shada la majani ya mgomba asiwashe mishumaa kabisa; aliangike ukutani.

Katika makanisa mengi mishumaa mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa waridi, ambao huwashwa Jumapili ya tatu, Jumapili ya furaha. Unaweza kupata rangi hizo kwa kupaka mikebe badala ya kutafuta mishumaa ya pekee. Washa wakati wa chakula tu, mtu mzima akiwepo, na uzime kabla ya mtu wa mwisho kuondoka mezani. Nyunyizia matawi maji kila asubuhi, na Jumapili inayofuata toa yaliyokauka uweke mengine.

SHADA NA MSIBA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vitabu vya mapambo kutoka ng'ambo havitakuambia. Kwetu, mtu akisikia neno shada hufikiria kaburi. Mashada tunayoyajua ni yale yanayowekwa juu ya jeneza na kaburini, huku majina ya waliofiwa yakisomwa. Ukiliangika mlangoni mwa nyumba yako mtaani, usishangae jirani akibisha hodi kwa sauti ya chini kukupa pole.

Kwa hivyo mimi hupendelea shada liwekwe mezani badala ya mlangoni. Kitenge chenye rangi za kuchangamka nacho kitasaidia kulitofautisha na la matanga. Na ikiwa mnakwenda kusherehekea mashambani, mwelezeni nyanya mapema. Msimfanye mama mzee ashtuke kumwona mjukuu akishuka kwenye matatu na shada mkononi.

Ikiwa nyumba yenu imempoteza mtu mwaka huu, msilifanye jambo hili bila kuulizana. Kaa na aliyeumia zaidi, awe mjane, mzee au mtoto, umuulize kama moyo wake unaweza kustahimili kuliona shada jingine. Akisema hapana, basi iwe hapana. Mnaweza kuweka mishumaa minne mitupu, bila majani. Akikubali, mpe nafasi awashe mshumaa wa kwanza yeye, na watoto waruhusiwe kumtaja aliyeondoka kwa jina lake. Katika nyumba nyingi zetu marehemu huwa hatajwi tena baada ya matanga, eti watoto wasihuzunike. Watoto huzunika hata hivyo, ila hufanya hivyo peke yao.

JUMAPILI NNE

Gawanyeni kazi tangu mwanzo. Jumapili ya kwanza, fungeni shada. Ya pili, mtoto mdogo achague majani mapya. Ya tatu, kijana wa sekondari awe ndiye msimamizi, na wazazi watii. Ya nne huangukia kati ya Desemba 18 na 24, wakati familia nyingi ziko safarini na nauli zimepanda. Hilo lisiwazuie. Tieni duara la waya na mikebe mikavu ndani ya kikapu, na muyaache majani mjini. Mtakakofika hayatakosekana, na binamu zao wanaweza kusaidia kufunga.

Simu ziwekwe chumba kingine wakati huo wote, ya baba ikiwemo. Wala msitarajie mazungumzo mazito mara ya kwanza. Mikono ikiwa na shughuli, ulimi hulegea wenyewe, na mtoto ambaye hajibu anapoulizwa uso kwa uso husema mengi akiwa ameinamia uzi.

Jumapili ijayo, Mola akitujalia, tutazungumzia namna ya kupanga bajeti ya Desemba bila kuisahau karo ya Januari. Hadi wakati huo, nawatakia Jumapili njema.