Vipande vya Kompyuta na Fedha ya Upatu

Mwezi huu tumeiweka kando mada tuliyoikusudia, kwa sababu ya barua moja iliyotufikia ambayo jawabu lake halingojei. Mwenye barua ni mama ambaye kijana wake amemaliza kidato cha nne na sasa yupo nyumbani akisubiri matokeo. Kijana ana hamu ya kujifunza kuandika programu, na amemsihi mamake asimnunulie kompyuta iliyokwisha kuundwa, bali amnunulie vipande avitie pamoja mwenyewe. Mama huyu atapokea zamu yake ya upatu mwisho wa mwezi ujao, na fedha hiyo ndiyo yote aliyo nayo. Ametuletea orodha ya vipande ambayo kijana alipewa na muuzaji mmoja, naye auliza mambo mawili: je, orodha hii ni sawa? Na je, kazi hii yaweza kufanywa na mtoto?

La pili twalijibu kwanza, maana ni jepesi. Sisi kazi yetu ni kufundisha watoto juzuu zao, wala hatukusomea ufundi huu chuoni. Hata hivyo kompyuta mbili za madrasa yetu tumeziunga kwa mikono yetu, na wanafunzi wa miaka kumi na mitatu wakitushikia skrubu. Tangu mwaka 1995, kampuni ya Intel ilipotoa kipimo kiitwacho ATX, matundu ya skrubu, umbo la pawa saplai na nafasi ya kasha vimekuwa na vipimo vinavyojulikana, hata kipande cha kampuni moja kikaweza kukaa na cha kampuni nyingine. Bisibisi moja ya nyota, meza safi, na muda wa baina ya alasiri na magharibi vyatosha. Ugumu wa jambo hili hauko mezani. Uko dukani, kabla ya fedha kutoka mkononi.

Sasa tuitazame orodha. Imeandikwa hivi: prosesa ya Ryzen 5 5600, ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi, wa namna ya B650, kumbukumbu, yaani ramu, kipande kimoja cha gigabaiti 16 cha DDR5, diski ya kuzunguka ya terabaiti 1, kasha la kioo lenye feni nne za taa za rangi, na pawa saplai iliyoandikwa wati 750, ya jina ambalo hatukupata kulisikia. Ndugu wasomaji, vitu hivi vyote huuzwa kila siku. Lakini vikikutanishwa katika kasha moja, kompyuta hii haitawaka asilani, na fedha ya upatu itakuwa imekwisha.

Sababu ya kwanza ni kwamba prosesa na ubao huo si kufu. Prosesa ya Ryzen 5 5600 hukaa katika soketi iitwayo AM4, iliyotoka mwaka 2016. Ubao wa B650 una soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022. Ile ya kwanza ina vijipini chini yake, 1331 kwa hesabu. Hii ya pili vijipini vyake vimo katika ubao wenyewe, navyo ni 1718. Hakuna dua wala nguvu ya kuvioanisha. Kadhalika kumbukumbu: soketi ya AM4 hutumia DDR4, na ya AM5 hutumia DDR5 peke yake, na pengo lililokatwa chini ya kila kimoja haliko mahali pamoja, makusudi kisiingie pasipo pake. Muuzaji akimwambia kijana kwamba kitaingia kikisukumwa, na aondoke hapo.

Kwa wale wanaopendelea prosesa za Intel, khabari ni hiyo hiyo kwa majina mengine. Soketi ya LGA1700, ya mwaka 2021, hupokea prosesa za kizazi cha 12, cha 13 na cha 14. Hapa mtego wake ni kwamba ubao wa soketi hiyo moja huuzwa wa DDR4 na huuzwa wa DDR5, kwa hiyo lisomwe jina zima lililoandikwa juu ya boksi, wala mtu asitosheke na namba ya soketi.

Sababu ya pili imefichika zaidi, na ndiyo inayowaliza wengi usiku wa kwanza. Prosesa hii ya 5600 haina sehemu ya kutoa picha. Ubao una tundu la waya wa skrini, waya utaingia, feni zitazunguka, taa zitawaka, na kioo kitabaki cheusi. Watu hudhani ubao umekufa, wakaurudisha na kugombana, kumbe hakuna kilichokufa. Anayenunua prosesa ya namna hiyo hana budi kununua na kadi ya picha mbali, na kadi hiyo yaweza kugharimu kama prosesa au zaidi. Katika jamii ya AM4, yenye picha ndani yake hutambulikana kwa herufi G mwisho wa namba, kama vile Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Kwa Intel herufi ya kuogopwa ni F, kwani maana yake ni kwamba picha imeondolewa. Herufi moja tu, na tofauti yake ni kompyuta kuonyesha au kutoonyesha!

Kijana asemaye anataka kuandika programu, yamtosha hiyo ya herufi G. Tunajua kwamba vijana wana nia zao za pembeni, na michezo ya mpira wa kwenye kioo haikosekani katika nia hizo. Basi ubao una nafasi ya kadi ya picha, naye atakapopata kibarua chake ataijaza nafasi hiyo kwa fedha yake.

Diski ya kuzunguka twashauri iachwe. Hiyo husoma kama megabaiti 150 kwa sekunde, na kila ikitafuta jambo hungoja kichwa chake kifike mahali. SSD ya namna ya SATA hupita megabaiti 500, na ile ya NVMe, iliyo mithili ya kipande cha ubani wa kutafuna, huweza kupita 3,000. SSD ya gigabaiti 500 itamfaa kuliko terabaiti nzima ya kuzunguka. Ila katika tundu liitwalo M.2 huingia vyote viwili, SATA na NVMe, na si kila tundu hupokea vyote. Kitabu cha ubao kinasema wazi. Na diski isiyo na jina, iliyo kubwa mno kwa bei ndogo mno, aghlabu ukubwa wake umeandikwa kwa uwongo.

Kuhusu kumbukumbu, vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwani prosesa husoma vyote kwa pamoja, na picha iliyo ndani ya prosesa huazima kumbukumbu hiyo hiyo. Lakini bei ya bidhaa hii ilipanda sana mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza kazi yake kwenye majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia. Kama fedha haifiki, na aanze na kipande kimoja cha 8. Kitamtosha kujifunzia, na tundu la pili litamngoja.

Twafika sasa kwenye pawa saplai, nasi hapa tutakaa kidogo, kwani ndiyo ambayo kila mtu huikata ili apate taa za rangi.

Kazi ya kifaa hiki ni kupokea umeme wa ukutani, ambao kwa Tanzania ni volti 230 na kwa Kenya 240, na kuugeuza uwe umeme mnyonge uliotulia wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kila kipande ndani ya kasha hunywa kutoka kisima hiki. Pawa saplai nzuri ina ulinzi wa kujikata yenyewe umeme ukizidi au waya zikigusana. Ile ya bei ya kutupa, ulinzi huo ama haimo au imo kwa jina tu. Mtaani kwetu kijana mmoja alikuwa na kompyuta iliyompendeza kila aliyeiona. Umeme ukakatika jioni moja, ukarudi kwa kishindo kama ulivyo mtindo wake, na kwa dakika moja ukachukua pawa saplai, ubao mama na diski yenye kazi yake yote ya mwaka. Pawa saplai hiyo ilikuwa ya kupewa bure pamoja na kasha.

Tufanye hesabu. Prosesa ya 5600G imepimwa wati 65. Ongeza ubao, kumbukumbu, SSD na feni, na kompyuta hii isiyo na kadi ya picha haitafika wati 150 hata ikitumwa kazi nzito. Basi wati 750 ni za nini? Wati 450 za kweli, za kampuni inayojulikana na yenye dhamana ya miaka, zamtosha na kumzidi. Watu hutafuta alama ya 80 PLUS, nayo yafaa kutafutwa. Lakini ijulikane kwamba alama hiyo yaeleza kifaa hakipotezi umeme mwingi kwa joto, wala haisemi lolote juu ya ulinzi. Njia moja ya kienyeji ni kukipima mkononi: chenye shaba na vyuma vya kutosha ndani yake ni kizito. Na kama nyuma kina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230, itazamwe kabla ya kuchomekwa, kwani ikiwa kwenye 115 kwa umeme wetu huu utasikia mlio, kisha moshi.

Fauka ya hayo, nyumba nyingi za zamani soketi zake za ukutani zina tundu la tatu ambalo nyuma yake hamna waya wa ardhini. Mama amwite fundi umeme aangalie soketi moja tu, ile itakayotumika. Na akibakiwa na kitu, anunue UPS ndogo yenye kusawazisha volti kabla ya kufikiria kingine chochote.

Kasha liwe la bati la kawaida, lenye kuingia ubao wa micro-ATX, ambao upande wake ni milimita 244, na lenye chujio la vumbi mbele. Liwekwe juu ya meza, mbali na dirisha la upande wa bahari.

Orodha ya muuzaji ilisahau mengine kabisa. Skrini haimo, wala kibodi, wala kipanya; ikiwa nyumbani kuna televisheni yenye tundu la HDMI, itatumika kwa kuanzia. Wala haikutajwa programu ya kuiendesha kompyuta. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hununuliwa, na zile nakala zilizovunjwa ambazo mafundi hutia kwa bei ya soda ni mali ya wenyewe iliyochukuliwa bila ya ruhusa, na mara nyingi zimebeba virusi. Linux, mathalan ile iitwayo Ubuntu, hutolewa bure na wenyewe kwa radhi yao, na kwa mwanafunzi wa programu ndiyo itakayomfaa zaidi.

Mama ameuliza pia kama amwagize nduguye aliye Dubai. Ni kweli kwamba katika barabara ya Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, maduka ya vipande hivi yamepangana na bei zake huvutia. Kasha tupu au kumbukumbu zaweza kuagizwa. Ubao na prosesa sisi twashauri vinunuliwe hapa karibu, katika duka moja, kwa stakabadhi, kwani haki ya kurudisha kitu chenye aibu, tunayoisomesha katika mlango wa biashara, ni ngumu kuidai ng'ambo ya bahari. Tena ubao uliokaa sana dukani huenda programu yake ya ndani ni ya zamani isiyoijua 5600G, na muuzaji ndiye wa kuifanya mpya.

Na ikiwa baada ya hesabu zote fedha haifikii pawa saplai ya kweli, basi aiache safari hii, anunue kompyuta iliyotumika ya afisini, ya Dell au HP, ambazo ni imara na zimejaa madukani. Upungufu wake ni kwamba pawa saplai na ubao wa nyingi katika hizo vina maumbo yao wenyewe, havibadilishiki kwa vya sokoni.

Orodha tuliyomwandikia upya ni hii: Ryzen 5 5600G yenye feni yake ndani ya boksi, ubao wa B550 au B450 wa micro-ATX, DDR4 gigabaiti 8 mara mbili, au mara moja, SSD ya NVMe gigabaiti 500, pawa saplai ya wati 450 yenye jina na dhamana, kasha la bati. Aipeleke kwanza kwa muuzaji yule yule, afuatane na kijana, na kila boksi lisomwe namba yake kwa sauti kabla halijafunguliwa. Kisha amwombe auweke ubao juu ya boksi lake, pamoja na prosesa, feni na kumbukumbu, auunge na skrini na hiyo pawa saplai mpya, auwashe mbele yao mpaka maandishi yatokee. Kazi hiyo haimalizi nusu saa. Akikataa, na waende duka la pili.